Mbao Zije Zinapoitwa: Mwongozo wa Kuendesha Karakana Ndogo Bila Kujaza Stoo

Kila wiki kuna mtu anayepita karakanani kwangu, hapa Makorora, akachungulia stoo, akaona mbao hazifiki hata kiunoni, akaniuliza kwa huruma: "Bwana, biashara imeyumba?" Haijayumba. Nimeacha tu kulaza hela yangu ukutani: naleta mbao pale tu kazi inapoziita, mtindo wa kampuni ya magari ya Toyota uitwao uzalishaji wa wakati wake. Basi yanafuata maswali yaleyale. Mbao zikiisha je? Bei ya jumla huikosi? Na Toyota inamhusu nini seremala wa Tanga? Nimechoka kuyajibu mlangoni nikiwa na randa mkononi, kwa hiyo nayaandika hapa hatua kwa hatua. Mifano yangu ni ya vitanda, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini fundi wa mageti, wa cherehani au mwoka mikate ataona pa kuingilia.

Jambo lenyewe kwa ufupi

Uzalishaji wa wakati wake una sharti moja: kila hatua ya kazi ilete au itengeneze kile tu kilichoitwa na hatua iliyo mbele yake, kwa kiasi kilichoitwa, saa kinapohitajika. Anayeita wa kwanza ni mteja. Mteja akichukua kitanda, fundi wa vanishi anapata nafasi ya kupokea kingine. Yeye akipokea, wa msasa anapata nafasi. Na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi kwa mwenye mbao Muheza.

Mtindo huu ulikuzwa Toyota, Japani, baada ya Vita Kuu ya Pili, na aliyeusukuma kuliko wote ni Taiichi Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana ya mashine. Kampuni haikuwa na fedha za kuchezea. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika, magari yapo na wanunuzi hawapo. Ohno alivutiwa na supamaketi za Marekani: mteja anachukua anachotaka, na rafu inajazwa kwa kadiri ya kilichochukuliwa, basi.

Wewe huna haja ya kusafiri kuiona supamaketi. Mtazame mama wa chapati asubuhi. Unga umo mfukoni, haujaguswa. Kwenye sinia kuna madonge kama kumi, yamefunikwa kitambaa. Kwenye sahani kuna chapati tatu za moto. Wateja wakichukua mbili, anasukuma mbili. Madonge yakipungua, anakanda mengine. Hakandi unga wote alfajiri kwa kuwa anao, na hangoji mteja afike ndipo aanze kuchemsha maji. Ukimwelewa huyo mama umeelewa nusu ya mwongozo huu.

Hapo ndipo mtu hunidakia: "Kumbe ni kama mafuta ya kupima!" Sivyo. Anayenunua mafuta ya kupima ananunua kidogo kwa kuwa mfuko hauna kitu, analipa ghali kwa kila kijiko, na duka likiwa limefunga analala bila mboga. Sisi tunapokea kidogo kwa makubaliano, kwa bei tuliyokwisha kuipatana, na siku tunayoijua. Ukata si mfumo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la oda la miezi 3 iliyopita. Kama huna, anza kuandika leo na urudi kwenye mwongozo huu baada ya miezi 3. Sikutanii.
- Chaki, au rangi ya sakafuni ukishakuwa na uhakika.
- Karatasi ngumu za manila, kalamu ya wino mzito, na misumari mitatu mirefu ukutani.
- Makopo au ndoo ndogo zenye mifuniko, mbilimbili kwa kila kitu kidogo unachotumia.
- Wauzaji wawili wa kila malighafi kuu, hata kama mmoja humtumii mara nyingi.
- Jumapili moja ya kufagia na kupanga. Huwezi kuhesabu kitu kilichofunikwa na maranda.

Na kama una deni kwa mwenye mbao, lilipe kwanza. Hatua ya 7 haiwezekani kwa mtu anayekwepa simu za muuzaji wake.

Hatua za kufuata

1. Chagua bidhaa moja tu.

Ichague ile inayotoka mara kwa mara kwa umbo lilelile. Kwangu ilikuwa kitanda cha tano kwa sita. Kabati la ukutani ambalo kila mteja analitaka kivyake liache kwanza. Fungua daftari, hesabu: wiki 13, vitanda 78, yaani 6 kwa wiki, kimoja kwa kila siku ya kazi. Namba hiyo, kimoja kwa siku, ndiyo mapigo ya karakana. Fundi anayekata za vitanda vinne kwa siku moja hajakusaidia, amekujazia sakafu.

2. Ufuate ubao mmoja kwa miguu.

Tia alama ya chaki kwenye ubao unaposhushwa garini, kisha uandike kila siku uko wapi na unafanywa nini, mpaka utoke mlangoni ukiwa mfumbati wa kitanda cha mtu. Andika saa za kuguswa peke yake na saa za kulala peke yake. Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza, kitanda kilikula kazi ya mikono ya saa 9 hivi. Ubao wake ulikuwa umekaa kwangu wiki saba. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

Usimpe fundi kazi hii. Ifanye mwenyewe, kwa sababu utakayoyaona ni makosa ya mwenye karakana.

3. Hesabu vilivyo nusu, kisha uviwekee kikomo.

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Wanaosikia habari za mfumo huu hukimbilia stoo, wakati ugonjwa uko sakafuni. Vitakizo vilivyounganishwa vikiegemea ukuta, matendegu yaliyochongwa bila mwenzake, kitanda kilichopakwa vanishi mkono mmoja kinangoja mtu amalize kingine. Hivyo vyote umeshavilipia mbao na ufundi, na hakuna hata kimoja unachoweza kumuuzia mtu jioni hii.

Hesabu yake ni ya vidole. Chukua idadi ya vitanda vilivyo kazini, ugawe kwa vitanda vinavyokamilika kwa siku. Kama vipo 18 sakafuni na kinatoka kimoja kwa siku, mteja anayelipa advansi leo atangoja siku 18 za kazi, wiki 3 kamili, hata mafundi wako wakiwa hodari vipi. Vikiwa 6, atangoja siku 6. Fundi ni walewale, mashine ni ileile, hakuna aliyeongeza mbio. Kilichobadilika ni urefu wa foleni.

Basi chora miraba sakafuni kwa chaki. Mimi nimeweka hivi: kukata 1, kuunga 2, msasa 1, vanishi 2. Jumla 6. Vanishi nimeipa miraba miwili kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu na rangi haikauki kwa amri ya mtu. Kanuni ni moja: mraba wa mbele ukijaa, hutengenezi kingine. Unakwenda kumsaidia aliyeelemewa, au unanoa patasi, au unafagia.

Tahadhari: wiki ya kwanza kanuni hii inaudhi. Fundi anayelipwa kwa kipande ataona unamnyima riziki, na ana haki. Badilisha malipo kabla ya kuchora miraba: lipa kwa kitanda kilichokamilika, mgawane kwa kila aliyekigusa.

4. Acha ubao ubaki ubao.

Ubao mzima unaweza kuwa mlango, meza au chaga. Ukishaukata kwa kitanda cha tano kwa sita, mteja wa sita kwa sita akija huna cha kumpa, ingawa stoo imejaa. Kwa hiyo akiba yako iwe katika umbo la mwanzo kabisa, na mkato uje mwishoni kadiri inavyowezekana. Mama wa chapati anajua: unga unaweza kuwa maandazi, chapati iliyokwisha kuiva haiwezi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya viwanda vya magari havitakuambia. Mbao mbichi haiji leo ikawa kitanda kesho. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, ukiununua mbichi lazima upangwe kivulini, uwekewe vijiti katikati ya safu hewa ipite, ungojee miezi. Ukiharakisha, kitanda kitapasuka chumbani kwa mtu, tena kwa kishindo usiku. Kwa hiyo rundo linalokaushwa usiliite uzembe. Hiyo ni hatua ya kazi kama kukata au kuunga, isipokuwa anayefanya kazi ni hewa. Una njia mbili: ununue zilizokwisha kukaushwa na ulipe zaidi, au ukaushe mwenyewe na kulihesabu rundo hilo peke yake, mbali na mbao za matumizi ya wiki. Mimi nanunua zilizokauka. Nafasi ya kukaushia nimemkodisha jirani.

5. Vitu vidogo: makopo mawili.

Skrubu, misumari, bawaba, gundi, msasa. Usipoteze muda kuvipigia mahesabu makubwa. Kila kitu kiwe na makopo mawili yaliyojaa sawa. Unatumia la kwanza. Likiisha, kopo tupu linakwenda kwenye rafu iliyo mlangoni na unafungua la pili. Kopo tupu mlangoni ni oda. Anayekwenda mjini hatazami stoo, anatazama rafu hiyo.

Ukubwa wa kopo uwe wa kutosha siku utakazongoja kujaziwa, na zaidi kidogo. Skrubu naipata Ngamiani ndani ya saa moja kwa baiskeli, kwa hiyo kopo langu ni la wiki moja tu. Vitasa ninavyovitoa Dar kwa basi, nikavipokee stendi ya Kange, vina kopo la wiki tatu.

6. Vitu vikubwa: kadi.

Wajapani huziita kanbani, neno lenye maana ya kibao cha tangazo. Kata manila, andika: jina la kitu, vipimo, idadi kwenye fungu, jina la muuzaji na simu yake, mahali fungu linapokaa. Kadi moja kwa fungu moja.

Idadi ya kadi unaipata hivi. Chukua mahitaji ya siku moja, uzidishe kwa siku za kungoja tangu unapopiga simu mpaka mzigo kushushwa, uongeze akiba, ugawe kwa ukubwa wa fungu. Kwangu: kitanda 1 kwa siku, siku 4 za kungoja, hiyo ni 4. Akiba nusu yake, 2. Jumla mbao za vitanda 6. Fungu moja lina mbao za vitanda 2, basi kadi ni 3. Zikitokea desimali, panda juu, usishuke.

Katika siku za kungoja hesabu kila kitu: kumpata mwenye mbao kwenye simu, kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, cha kusafirishia mazao ya misitu, gari kupata mzigo wa kutosha, na ile siku ambayo dereva anasema "niko njiani" akiwa bado kitandani.

Mwendo wa kadi uko hivi. Kadi inaning'inia kwenye fungu. Ukitoa ubao wa kwanza wa fungu hilo, itoe kadi uiweke kwenye msumari wa kwanza: "iitwe". Saa 11 jioni, anayefunga karakana anapiga simu kwa kila kadi iliyopo hapo, kisha anaihamishia msumari wa pili: "imeitwa". Mzigo ukifika, kadi inarudi kwenye fungu. Msumari wa tatu ni wa kadi zilizopumzishwa, utauhitaji baadaye.

Bila kadi hakuna kununua. Hata bei ikiwa nzuri, hata lori likisimama mlangoni likipiga honi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, mimi nikiwemo, maana mbao za bei poa zina ushawishi wake.

7. Kaa na muuzaji, kwa chai.

Mfumo huu unavunjika au kusimama hapa. Muuzaji amezoea kukuuzia lori zima na kukusahau miezi miwili. Sasa unataka umletee usumbufu mara tatu kwa wiki. Mzungumzo wangu ulikwenda hivi:

"Shikamoo mzee. Nataka mbao za vitanda viwili Jumatatu, viwili Jumatano, viwili Ijumaa."

"Marahaba. Lakini unanisumbua, mwanangu. Chukua zote, mambo yaishe."

"Mzee, kwa miezi mitatu nitachukua za vitanda 78. Nipe bei ya 78. Mimi nitakulipa kila mzigo ukishushwa, kwa simu, kabla gari halijageuza."

Alikaa kimya akakoroga chai ambayo sukari ilikwisha yeyuka. Kilichomshinda ni hilo la mwisho. Mafundi wengi humwambia asubiri harusi ipite, na harusi ikishapita fundi hapokei. Mtu anayelipa siku hiyohiyo ni adimu kuliko mninga. Tukaandikiana karatasi: jumla ya miezi mitatu, bei moja, siku za kupeleka, na nini kifanyike upande mmoja ukichelewa.

Kwa hiyo jibu la swali la bei ya jumla ni hili: patana kwa jumla, pokea kwa mafungu. Na nauli? Tafuta mafundi wawili jirani mkodi kirikuu kimoja, kila mmoja ashushiwe fungu lake. Muheza si mbali, gari linakwenda na kurudi asubuhi moja. Nauli ya mtu mmoja mara tatu kwa wiki itakula faida yote, hilo lisikupite.

8. Punguza muda wa kubadilisha mashine.

Fundi anakata za vitanda vinne kwa mpigo kwa sababu kuiweka sawa mashine ya kuranda kunamchukua dakika 40, na hataki kurudia. Ana hoja. Ukitaka akate za kimoja kimoja, mwondolee adha hiyo. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, alishughulikia mashine kubwa ya kukandamiza bati pale Toyota, iliyokuwa ikichukua saa 4 kuandaliwa kwa kazi nyingine. Ikashuka hadi dakika 90, baadaye ikawa chini ya dakika 3. Siri yake kubwa ilikuwa kutenganisha yale yanayolazimu mashine izimwe na yale yanayoweza kufanywa ikiwa inazunguka. Kwetu: visu vilivyonolewa viwe tayari kabla ya kuzima, spana ifungwe kamba pale pale mashineni, na vipande vya vipimo vikatwe kwa mbao ngumu ili usipime kwa futi kila mara. Sisi tumefika dakika 12. Tatu si za dunia yangu, bado.

9. Kombo isivuke.

Ukiwa na vitakizo 30 ukutani, kimoja kikiwa kombo unachukua kingine. Ukiwa na viwili tu, kombo moja inasimamisha karakana. Kwa hiyo anayepokea kazi ana haki ya kuikataa, awe kijana wa msasa au fundi mkuu. Akiikataa, kazi inasimama mpaka ijulikane kilichosababisha. Toyota yenyewe ilitokana na mitambo ya kufumia nguo, na Sakichi Toyoda alijipatia sifa kwa mtambo uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika, usiendelee kufuma nguo mbovu. Kumpa kijana ruhusa ya kusema "hii hapana" mbele ya fundi wa miaka 20 si jambo jepesi kwa desturi zetu. Mimi nilianza kwa kukubali yangu ikataliwe.

10. Punguza kadi moja, ungoje mwezi.

Mambo yakienda bila kukwama kwa mwezi mzima, itundike kadi moja kwenye msumari wa tatu. Kitu kitakwama mahali fulani. Hapo ndipo penye tatizo lililokuwa limefichwa na mbao: dereva, kibali, mashine, au wewe mwenyewe unayesahau kupiga simu. Litengeneze, uendelee. Likikushinda, irudishe kadi bila aibu.

Makosa yanayorudiwa

La kwanza ni langu. Nilianza mwezi wa Aprili. Niliuza akiba karibu yote kwa wiki moja, nikajiona Mjapani. Masika yakaja kama desturi yake, barabara ya shambani ikawa tope, lori likakwama na mbao zangu siku nne. Nilikuwa na kitanda cha biharusi. Nikanunua mbao dukani kwa rejareja, bei ya kulia, na kitanda kikafika chumba kikiwa kimeshapambwa, kikapitishwa dirishani. Familia ile hainisalimii vizuri hadi leo. Kwa hiyo: kuanzia Machi hadi Mei ongeza kadi. Siku zangu za kungoja hupanda kutoka 4 hadi 7; akiba nusu yake ni 3.5, jumla 10.5, gawanya kwa 2 unapata 5.25, kadi 6. Juni zinarudi msumarini.

La pili ni kuegemea muuzaji mmoja. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya, kilichokuwa kikitengeneza vali ndogo ya breki kwa karibu magari yote ya Toyota. Toyota ilikuwa na akiba ya saa chache tu, na viwanda vyake vya Japani vikasimama kwa siku kadhaa. Wenyewe walioubuni mfumo! Waliokolewa na wauzaji wengine waliojifunza kuitengeneza vali hiyo usiku na mchana. Wewe mnunulie muuzaji wa pili kidogo kila mwezi, ili siku ya dhiki usijitambulishe upya.

La tatu: kuupeleka mfumo kusikostahili. Kitu kinachotoka ng'ambo kwa meli, kinachochukua miezi na bei yake inafuata dola, kiwekee akiba ya kutosha. Oda ya madawati 200 ya Januari ni kazi ya mradi, ipangie peke yake. Na kama unakamua machungwa ya Muheza, msimu hauiti kwa kadi, yakiiva yameiva.

Ukikwama

*Fundi mmoja anakaa bure kila siku.* Usimpe kazi ya kujaza sakafu. Mfundishe hatua ya jirani yake. Kama bado anakaa, mapigo uliyopiga hatua ya 1 ni madogo kuliko watu ulionao, na dawa ni kutafuta wateja.

*Umeme unakatika katikati ya kuranda.* Weka mraba mmoja wa ziada wa vipande vilivyokwisha kurandwa, mbele ya kazi za mikono. Vitanda viwili vinatosha kuwaweka watu kazini siku nzima kwa kuunga na kupiga msasa. Ukifika vinne, unajidanganya.

*Mteja anataka kitanda leo.* Kiwepo kimoja kilichokamilika mbele ya karakana, cha kuonyesha. Kikinunuliwa, hicho ndicho kinachoita kingine. Baada ya Ramadhani, mfunguo mosi na mfunguo pili harusi zinapofululiza, mimi huweka vitatu.

*Bei ya mbao inapanda kila mwezi, si bora ninunue nyingi sasa?* Wakati mwingine ni bora, kweli. Lakini fanya hesabu kamili: hela iliyolala, mbao zilizopinda, zilizoliwa na mchwa, zilizoondoka usiku bila kuaga, na oda ulizozikataa kwa kukosa mtaji wa vanishi. Ukishatoa vyote hivyo ukaona bado una faida, nunua, lakini ziweke nje ya mfumo wa kadi, usizichanganye.

*Kadi zinapotea.* Zipe namba, 1 hadi 6, uzihesabu kila Jumamosi kabla watu hawajalipwa. Ikikosekana moja, hakuna anayeondoka mpaka ionekane. Mara nyingi imo mfukoni mwa aliyetumwa msasa, imekunjwa mara nne, na kwa nyuma ameandika namba ya simu ya mtu.